Zulhumor wa Chust Aingia Bahari ya Tisa

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio, na mlio na sufuria mekoni punguzeni moto, kwa maana habari niliyonayo si ya kusikilizwa huku mkono mmoja ukikoroga. Ni habari ya merikebu na mizinga, ya manahodha waliozama wakaibuka wakazama tena, ya bahari nane zilizovukwa na ya tisa iliyokuwa imefungwa kwa lango; na ni habari ya mwanamke mmoja, mshona kofia, mwenye umri wa miaka hamsini na sita na goti la kushoto lisilopenda baridi, aliyezivuka bahari hizo zote akiwa ameketi juu ya godoro la pamba na birika la chai ya kijani ubavuni. Ewe kumbukumbu yangu, usinitupe leo. Na wewe umeme wa Chust, unaokatika unapotaka na kurudi unapojisikia, nakusihi utulie mpaka nifike mwisho.

Mwenye kupekua vitabu atauliza kwanza mji wa Chust uko pwani gani. Uko Uzbekistan, katika bonde la Fergana, na hauko pwani yoyote. Nchi ile haina bahari, na nchi zote zinazopakana nayo hazifiki bahari kuu, hata mtu wa Chust akitaka kulowesha miguu katika maji ya bahari kuu itampasa avuke mipaka miwili na kila mpakani aeleze kwamba anakwenda kulowesha miguu. Zulhumor-opa, kama majirani walivyomwita kwa kumheshimu, maana opa kwao ni dada mkubwa, hakuwa ameiona bahari hata siku moja. Alichokijua yeye ni sindano na duppi, zile kofia nyeusi za pembe nne zenye nakshi nyeupe, ambazo kila mwanamume wa bonde lile huvaa kichwani bila kujua zimemchosha macho nani. Huyu ndiye aliyepanda kutoka cheo cha Msugua Sitaha, ambacho ndicho cha chini kabisa, mpaka cha Nahodha Kamili, ambacho juu yake hakuna kingine.

Sasa nitaje chanzo cha vita, kwa kuwa hakuna anayetweka tanga bila kusukumwa na jambo. Zulhumor alikuwa na mtoto mmoja tu, Elmurod, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekwenda Korea mwaka wa tatu huo kufanya kazi katika kiwanda cha milango ya magari. Kila Jumapili mama alimpigia simu ya video, naye kijana alipokea akiwa mbali na kamera, uso nusu gizani, wakazungumza hivi:

"Mzima, mwanangu?"

"Mzima, oyi." Oyi ndilo neno walilo nalo watoto wa huko kwa mama.

"Kazi?"

"Kazi nzuri."

"Baridi?"

"Kidogo."

"Haya basi, mwanangu."

"Haya, oyi."

Dakika mbili hazijafika na kioo cha simu kimekwisha kuwa cheusi, na Zulhumor amebaki akijitazama mwenyewe ndani yake. Aliondoka kijana mwenye maneno mengi, aliyeweza kukusimulia safari ya kwenda dukani mpaka chai ikapoa, na mama hakujua Korea imemfanya nini. Jambo hilo lilimuuma, na lilimuuma zaidi siku Mukarram, muuguzi wa zahanati na jirani wa ukuta kwa ukuta, alipofungua kinywa chake.

"Opa, kwani hujui? Mkwe wangu hucheza naye mchezo wa maharamia kwenye kompyuta, ule wa Bahari Tisa. Anasema Elmurod akianza kusimulia humo, kumnyamazisha ni mpaka umeme ukatike."

"Elmurod gani?"

"Elmurod wako, wa kumzaa."

Zulhumor akaweka sindano chini. Wivu alioupata saa ile sitaweza kuupima, ila nasema kwamba kofia aliyokuwa akiishona ilitoka na pembe tano. Jumapili iliyofuata hakuuliza habari za baridi.

"Nataka kuja huko mnakocheza," akasema.

"Oyi, tafadhali."

"Nije, nisije?"

"Huwezi. Sisi tuko Bahari ya Tisa, huku haingii asiye Nahodha Kamili. Mimi ilinichukua mwaka mzima! Na nahodha wetu, Yerbol, Mkazaki wa Shymkent, huyo sheria ni sheria. Hata bibi yake mzaa mama angemrudisha langoni."

"Mwambie Yerbol wako aanze kunitandikia."

"Oyi, msimu huu wa miaka miwili unaisha mwezi wa nne. Vyeo vyote vinafutwa, kila mtu anarudi kuwa msugua sitaha. Na mimi mwezi wa tano naingia zamu ya Jumapili, mchezo ndiyo basi tena."

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Zulhumor akahesabu kwa vidole, akapata miezi mitano na ushei, na akajiambia kwamba kwa muda huo yeye hushona kofia mia na kumi, basi na cheo nacho ni mshono.

Hivyo ndivyo ilivyofunguliwa kompyuta aliyoiacha Elmurod, iliyokuwa imekaa miaka mitatu chumbani mwake chini ya kitambaa cha nakshi kama mgeni asiyeamshwa. Tazameni sasa vita vya kwanza! Asubuhi ya Jumanne, mbingu ikiwa safi na upepo ukivuma kutoka nyuma kama ulivyopaswa, Zulhumor alipandishwa katika merikebu ndogo ya mlingoti mmoja, akakunjua tanga lote kwa mkono wake mwenyewe, akashika usukani, akakaza macho kwenye upeo, na merikebu haikwenda. Aligeuza usukani kulia. Aligeuza kushoto. Tanga lilijaa upepo mpaka likawa tumbo la mlo wa harusi, mbao zikalia, bendera ikapepea kwa hasira, na kwa muda wa saa moja na robo shujaa wetu alisafiri kwa ushujaa wote mahali pale pale. Kobe alimpita mara mbili.

Ukombozi ulikuja kwa mlango wa jikoni. Mukarram alikuwa amekuja kuazima chekecheke, akasimama nyuma ya godoro, akatazama kioo.

"Opa, lile dude linaloning'inia majini si ndilo limeishika?"

"Dude gani?"

"Lile la chuma. Nanga."

Kisha Zulhumor akazungusha roda, nanga ikapanda, na merikebu ikaruka mbele kwa nguvu ya saa nzima ya upepo uliokusanywa, ikapiga mwamba, ikazama. Mukarram akaketi chini bila kukaribishwa. Chekecheke halikufika kwake mpaka Alhamisi.

Majira ya baridi yale Zulhumor alizama mara arobaini na tatu, na sitazitaja zote, kwa kuwa nyingine zilifanana. Alizama kwa mwamba ule wa kwanza mara tatu. Mara ya nne aliukwepa, akageuka kuutazama kwa dharau, na alipokuwa akiutazama akapiga mwingine. Aliliwa na papa. Alilipuliwa na pipa la baruti alilolichukua akidhani ni la unga. Mumewe Tohirjon, fundi wa pampu za mashamba ya pamba, mtu wa maneno machache, alipita kila jioni mlangoni akiwa na koleo mkononi, akauliza, "Unaelea?" na mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Lakini mshona kofia amezoea kufumua kazi ya siku nzima kwa sababu ya tundu moja lililokwenda upande. Alipozama alivuta pumzi, akanywa chai, akaanza upya.

Kufikia mwezi wa kwanza alielewa kwamba merikebu ya mlingoti mmoja ingemfikisha bahari ya pili tu, na kwamba anahitaji wanamaji. Basi akafanya yale ambayo majemadari wote hufanya, akaitisha baraza. Wanawake wa mtaa ule hukutana mara moja kwa mwezi, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, na mwenye zamu huwalisha wenzake mpaka washindwe kuinuka. Na ilipokuwa zamu ya Zulhumor, naye akawa amewalisha mpaka wameshindwa kuinuka, akasimama mbele yao na kusema hivi:

"Dada zangu, mwanangu hazungumzi nami. Yuko Bahari ya Tisa, anazungumza na Wakazaki. Nataka kwenda huko. Anayeweza kupiga mzinga ainue mkono."

"Mzinga ni kama sindano?" akauliza Mukarram.

"Unalenga, unachoma, unatoka."

"Basi nipe mimi." Na kweli nani mwingine angepewa, mtu aliyechoma sindano nusu ya makalio ya Chust kwa miaka thelathini bila kukosa hata moja?

Wa pili alikuwa Hosiyat, mpishi wa harusi, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha wakata karoti hamsini kwa wakati mmoja. Yeye alitaka kujua jambo moja tu. "Chakula cha humo nani anakitunza?"

"Hakuna mtu."

"Ndiyo maana mnazama," akasema Hosiyat, na tangu siku hiyo akawa mkuu wa ghala, wa ndoo na wa mbao za kuzibia matundu.

Wakaleta kompyuta za watoto wao, wakazipanga kuzunguka meza moja ya chini, na wakagawana kazi kama inavyogawanywa siku ya harusi: mmoja motoni, mmoja kwenye nyama, mmoja anapokea wageni, wala hakuna anayemfundisha mwenzake kazi yake. Hapo ndipo bahari zilipoanza kufunguka. Bahari ya pili waliivuka kwa juma moja. Katika bahari ya nne walishambuliwa na pweza mwenye mikono mirefu kuliko mlingoti, na Mukarram, akiwa anamweleza Hosiyat habari za shinikizo la damu la mjomba wake, alimchoma risasi kumi na moja za macho bila kukata maneno. Katika bahari ya sita kulikuwa na ukungu, wakapotea Jumapili tatu, mpaka Zulhumor alipokumbuka kwamba mshonaji hahitaji kuona kitambaa chote, anahitaji kuona tundu linalofuata, akaipitisha merikebu kutoka jiwe hadi jiwe. Mwisho wa mwezi wa tatu walifika bahari ya nane. Vijana waliozama huko kila siku walianza kuulizana ni akina nani hawa wanaosafiri Jumapili baada ya chakula cha mchana tu na hawatukani mtu.

Kulikuwa na jambo moja, na wanahistoria wasilifiche. Kila bandari ya mchezo ule hutoa mapipa ya mikate, ili mabaharia wakiila wapone majeraha, na mabaharia wa dunia nzima hula michache inayowatosha na kuimwaga mingine baharini merikebu iwe nyepesi. Wanawake wa Chust hawakuimwaga. Huko mkate hautupwi. Hauwekwi kifudifudi, kipande kikianguka huokotwa, hubusiwa, hupandishwa juu ya ukuta mahali ndege watakapokiona. Hosiyat alikuwa na mikate mia tatu na kumi na miwili ghalani, imepangwa uso juu, na merikebu ilikuwa imekaa chini majini kiasi kwamba wimbi la adabu tu lilitosha kulowesha sitaha.

Hata ikafika Jumapili ya mwisho wa msimu. Sharti la Bahari ya Tisa ni hili: nahodha achukue Sanduku la Kaa kutoka kisiwa chenye kaa wengi, alifikishe kwenye Lango la Tisa kabla jua la mchezo halijatua, yaani muda wa saa moja; na haramia yeyote anayemwona ana ruhusa ya kumzamisha na kulichukua. Akishindwa leo, kesho cheo chake kitafutwa pamoja na vya wengine, naye Elmurod ataingia zamu ya Jumapili. Zulhumor alilijua hilo tangu alipoamka. Alikuwa amempigia simu asubuhi, akapata "mzima" na "kidogo" zake, na hakumwambia lolote.

Sanduku walilipata. Theluthi mbili ya njia waliimaliza kwa amani. Ndipo Hosiyat, aliyekuwa amepanda juu ya mlingoti kutazama, akasema kwa sauti yake ya harusi:

"Opa! Nyuma yetu! Matanga meusi!"

Ilikuwa merikebu ya milingoti miwili, yenye mizinga kumi na sita, bendera nyekundu, mabaharia wanne, na ilikuja kwa kasi ya deni la jirani. Mukarram akageuza mzinga wa tezi, ule wa nyuma, akawapiga risasi nne, nne zote zikaingia, na mabaharia wale wakajeruhiwa. Lakini merikebu yao haikupungua mwendo, na ya wanawake wa Chust ilitambaa.

"Tunakwenda kama mbuzi mwenye mimba ya mapacha," Hosiyat akasema.

"Ni mizigo," Mukarram akajibu. "Ni hiyo mikate. Tupeni mi..."

Hakulimaliza neno.

"Rudia," Hosiyat akasema polepole. "Rudia hilo neno, mamako akusikie huko aliko."

"Nimeteleza."

"Umeteleza wapi, Mukarram? Nionyeshe utelezi."

"Nimesema nimeteleza, basi! Nisameheni."

Matanga meusi yakafika ubavuni, mizinga minane ikafunguliwa upande wa wanawake, na sauti ya kijana ikatoka katika spika, kali, yenye kukwaruza, na lafudhi iliyojulikana mara moja kuwa ya Namangan, mwendo wa saa moja kutoka hapo walipoketi.

"Simamisheni merikebu! Tupeni sanduku majini, ama mzame nalo!"

Zulhumor akabonyeza kitufe cha kusemea. Alikuwa amekusudia kumwomba, na alikuwa tayari kumweleza habari ya Elmurod yote, mbele ya wageni, bila haya. Lakini kinywa kilicholelewa hutoa kwanza kilichozoea kutoa.

"Assalomu alaykum, mwanangu," akasema. "Hujambo? Hamjachoka? Mko salama hapo?"

"Wa... wa alaykum assalom, shangazi," sauti ikasema, na ukali wote ulikuwa umeishia njiani. "Hatujambo. Nyie wazima? Hamjachoka?"

"Tunashukuru. Nyumbani wazima? Mama mzima, baba mzima?"

"Wazima, shangazi, wanawasalimu. Nyie watoto wazima? Afya?"

Hapa lazima nieleze silaha ya watu hawa, ingawa wao hawaiiti silaha. Salamu zao hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka wewe hadi wazazi, hadi wazee, watoto, kazi, mifugo, na anayesalimiwa hujibu na kuuliza papo hapo, mmoja juu ya mwingine, wala haiwezekani kushukia katikati. Na asalimiapo mkubwa wake mtu huweka mkono wa kulia kifuani. Otabek, kwa maana hilo ndilo jina la nahodha yule wa matanga meusi, aliweka mkono wa kulia kifuani akiwa peke yake chumbani kwake Namangan, na mkono huo ndio uliokuwa wa kufyatulia. Wenzake watatu, kila mmoja nyumbani kwake, nao vilevile. Mizinga minane ilielekezwa kwa wanawake wa Chust na hapakuwa na mkono hata mmoja juu yake.

Sauti nyingine ilisikika ikinong'ona katika spika. "Otabek. Otabek! Nipige?"

"Nyamaza wewe. Hajamaliza, yuko kwa bibi."

"Bibi yako mzima?" Zulhumor alikuwa anauliza kweli. "Miguu haimsumbui?"

"Inamsumbua, shangazi, hasa asubuhi."

"Mukarram hapa ni muuguzi. Afunge kitambaa cha sufu, asikae kwenye saruji. Na nyie mmekula?"

Otabek akapungua mpaka akawa mtoto wa mtu. "Kusema ukweli, shangazi, humu ghalani hatuna kitu. Mlivyotupiga, tumebaki na uhai mdogo tu. Tulikuwa tunategemea kuwanyang'anya."

"Hosiyat!" Zulhumor akaita. "Wape mkate vijana."

Naye Hosiyat, ambaye kwa miaka yote hiyo hajamwacha mgeni aondoke mikono mitupu, akatupa ubao kati ya merikebu mbili, akaanza kuvusha. Matanga yalikuwa wazi, hakuna aliyekumbuka kuyakunja, na merikebu zote mbili zilikwenda pamoja ubavu kwa ubavu huku mikate ikipita, kumi na miwili kwa kila safari, uso juu, na Otabek akisema "inatosha, shangazi," na Hosiyat akimwambia "chukua, mwanangu, usione haya," na Otabek akichukua kwa kuwa kukataa mara ya tatu ni utovu wa adabu. Mia moja. Mia mbili. Merikebu ya Chust ikaanza kupanda kutoka majini, sentimita kwa sentimita, kama mtu anayevuliwa koti zito. Ile ya Namangan ikaanza kushuka. Mkate wa mia tatu na kumi na mbili ulipovuka, Zulhumor alipata upepo ambao hakuwahi kuupata tangu bahari ya pili, akawaaga vijana kwa dua fupi, na akaondoka.

"Otabek!" ile sauti ya pili ikalia. "Wanatoroka! Tupa mikate, tuwafukuze!"

Na Otabek wa Namangan, haramia mwenye mizinga kumi na sita, akajibu kwa spika iliyosikika na bahari yote: "Utupe wewe. Mimi nina mama."

Hakuitupa. Hakuna aliyeitupa. Walibaki palepale wakiitazama merikebu ikipungua, ghala limejaa hadi kooni. Wapo wenye roho ya kutu wasemao Zulhumor alikusudia yote hayo tangu mwanzo. Nilimwuliza mwenyewe. Alisema vijana walikuwa na njaa.

Jua la mchezo lilikuwa limebakiza unene wa kidole alipopita chini ya Lango la Tisa. Baragumu ikalia, maneno ya dhahabu yakaandikwa angani, NAHODHA KAMILI, na Hosiyat na Mukarram wakakumbatiana wakamwaga chai juu ya kitambaa. Zulhumor hakupiga kelele. Alipangusa vidole vyake kwa leso, kimoja kimoja, kama afanyavyo kofia ikikamilika. Tohirjon akatokea mlangoni na koleo lake.

"Umefika wapi?"

"Bahari ya Tisa."

"Kuna nini huko?"

"Kuna mwanao," akasema, na Tohirjon akavua viatu, akaingia, akaketi.

Merikebu ya Yerbol ilikuwa imetia nanga si mbali, kubwa, ya milingoti mitatu. Sauti nzito ikauliza cheo, naye akakitaja. Ikauliza nani aliyemfikisha, akasema muuguzi na mpishi wa harusi.

"Panda, mama," Yerbol akasema. "Unajua kazi gani?"

"Usukani."

"Shika. Elmurod, wewe kamba za tanga, kaa karibu naye."

Upande wa kamba, tanga likaachwa lipige. Kisha: "Oyi?"

"Nipo."

"Umefikaje?"

"Polepole. Vuta tanga hilo, linapiga."

Akalivuta. Wakang'oa nanga. Walikwenda hivyo, mama akitazama mbele na mwana akitazama tanga, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, mikono ya kila mmoja ikiwa na kazi yake. Na walipokata rasi ya kwanza Elmurod akaanza kusema. Alisema kwamba bweni lao lina harufu ya rangi. Alisema habari za Mnepali anayelala kitanda cha juu, anayeimba usingizini, na wimbo wenyewe akauimba. Alisema amehamishwa kitengo, kwamba anamwogopa msimamizi mpya, kwamba mwezi wa pili alikuwa na homa siku sita na hakumwambia mtu. Zulhumor alisema "ehe," na "kisha?" na "kulia kidogo." Moyo ulimuuma kwa ile homa, na usukani haukutikisika.

"Na kitu kingine, oyi. Usikasirike."

"Sema."

"Nina pengo. Jino la mbele. Mlango ulinipiga kiwandani, mwaka juzi. Ukiniona utalia, ndiyo maana kwenye simu sifungui mdomo. Nakaa gizani."

Mwaka juzi! Mukarram akaziba kinywa. Tohirjon akatazama koleo lake. Zulhumor alitaka kulia na alilia, bila sauti, machozi yakishuka mpaka kidevuni, na kwa kuwa mwanawe aliona merikebu tu, hakujua.

"Upande gani?" akauliza.

"Kulia."

"Linauma?"

"Haliumi. Upepo tu unapita nikitamka majina ya watu."

"Tamka la baba yako."

Akalitamka, na upepo ukapita, na Tohirjon, ambaye majirani hawamkumbuki akicheka tangu alipooa, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Elmurod akacheka naye kutoka Korea. Walisafiri saa mbili na nusu bila kupigana na mtu yeyote, jambo ambalo Yerbol baadaye alilieleza kuwa ni aibu kubwa kwa bendera yake, lakini wakati ule aliwaachia bahari.

Jumatatu asubuhi vyeo vyote vilifutwa, na Zulhumor wa Chust akawa Msugua Sitaha, na Yerbol wa Shymkent akawa Msugua Sitaha, na Otabek vilevile, na mikate mia tatu na kumi na miwili ikatoweka bila mtu kuitupa. Wakati wa chakula cha mchana cha kiwandani simu ikalia, na haikuwa Jumapili. Elmurod alikuwa amesimama uani juani, kamera karibu na uso, mdomo wazi.

Andikeni, enyi waandishi wa mambo makubwa, na mkiandika acheni nafasi ya kutosha: hazina ya Bahari ya Tisa ilionekana siku hiyo kwa mara ya kwanza na macho ya watu. Mukarram aliikagua kwa tochi ya simu na kutaka kijana ainamishe kichwa. Hosiyat aliletewa mpaka jikoni kwake aione. Mtaa mzima uliitazama kwa zamu mpaka muda wa chakula ukaisha, nao wote wakakubaliana kwamba ni pengo moja, la mbele, upande wa kulia, na kwamba linampendeza.